Damu Ikishuka Miguuni

Kashinje ng'wanone, mwanangu, mwadila.

Naandika haya kwenye karatasi za daftari. Nikimaliza, Komba, mwenzangu wa hapa kambini kwenye miwa, atazipiga picha kwa simu yake na kuzituma kwenye simu ya mjomba wako Masunga, maana najua leo unalala kwake Bariadi mjini ili kesho alfajiri uwahi basi la Dodoma. Shemeji Masunga, kama ni wewe unayesoma, ishia hapa. Mpe binti simu, nenda ukawafungie kuku.

Haya. Sasa tumebaki wawili.

Mambo ya godoro, ndoo, sabuni, na kutomwamini mtu asiyemjua stendi, mama yako ameshayasema na atayasema tena kesho mpaka dirisha la basi lifungwe. Mimi sina la kuongeza. Nina jambo moja tu, lile uliloninong'oneza kwenye simu.

Ulisema, "Baba, nikiona damu naanguka. Nitakuwaje nesi? Wakijua chuoni watanirudisha. Bora nisiende kabisa, nimwambie mama nafasi imefutwa." Kabla sijajibu nikamsikia mama yako nyuma yako, "Unanong'ona nini na baba yako?" Ukasema, "Namuuliza kama huko kuna mvua." Na mimi, mjinga, nikapaza sauti, "Mvua ipo, kubwa!" Kumbe jua lilikuwa linatuchoma mpaka panga halishikiki.

Tangu siku ile situlii. Nakaa, nasimama. Nikiwa kwenye miwa mkono unakata, kichwa kiko nyumbani Nkololo. Nyapara ameniuliza kama nimegombana na mtu. Kila nikitaka kukupigia nakumbuka kwamba simu ya nyumbani ni ya watu wote, mkipiga gumzo mnaiweka sauti ya juu hata jirani anachangia. Ndiyo maana nimeandika. Sijui kama kesho utapanda basi hilo au utarudi Nkololo na uongo wako mkononi. Sikuamrishi. Nataka tu kabla hujaamua ujue kitu hicho ulikitoa wapi.

Ulikitoa kwangu.

Ndiyo, mimi. Huyu baba yako mwenye mabega ambayo bibi yako anasema yangefaa kufungiwa jembe la ng'ombe. Nikiona damu ikitoka, naanza kupiga miayo. Huanza hivyo, na nadhani na kwako huanza hivyo, maana nakumbuka siku kaka yako alipojikata na shoka ulikuwa unapiga miayo pale mlangoni, mama yako akakufokea kwamba mwenzako anaumia wewe unaleta usingizi. Hukuwa na usingizi. Baada ya miayo linakuja jasho la baridi, halafu masikio yanavuma kama mtu amefungulia mashine ya kusaga mbali huko, halafu macho yanaona kama unachungulia kwenye bomba. Halafu unaamka uko chini na watu wamekuzunguka.

Mara ya kwanza nilikuwa kijana, kwenye harusi ya binamu yangu. Nilipewa mguu wa fahali nishike. Mjomba mmoja akasema, "Ngasa, unapiga miayo mbele ya nyama?" Watu wakacheka. Kisu kikapita, nikaenda chini, fahali akapata nguvu ya mguu mmoja na kumpiga teke yule mjomba. Nilipoamka nikasema sijala tangu asubuhi. Wakaniamini. Mara ya pili mdogo wangu alijikata kwa jembe tukipalilia pamba, nikaanguka juu ya pamba. Nikasema ni jua. Mara ya tatu sikuwa na la kusema, basi wakubwa wakasema kwa niaba yangu. Walisema ni masamva, wazee wetu waliokufa. Babu yetu wa zamani alikuwa mganga, alikufa bila mtu wa kushika vitu vyake, kwa hiyo sasa anatafuta, na aliyempata ni mimi.

Angalia sasa jinsi mambo yalivyokwenda. Mganga akaitwa. Akatazama, akasema wazee wanataka kondoo mweupe achinjwe mbele ya nyumba ya babu, na mimi nisimame karibu kabisa mpaka damu iguse miguu yangu. Kashinje, mimi nilijua. Katika watu wote waliokuwa pale uwanjani, ni mimi peke yangu niliyejua kwamba dawa na ugonjwa ni kitu kimoja. Ningeweza kusema, "Baba, ni damu tu." Maneno manne. Lakini kijana wa Kisukuma mwenye ng'ombe, anayelinda zizi, aseme anaogopa damu? Niliona ni heri niitwe na wafu kuliko kuitwa mwoga na walio hai.

Kondoo hajamaliza kurusha miguu, mimi niko chini. Akina mama wakapiga vigelegele. "Wamempokea! Wamempokea!" Nilivisikia vigelegele hivyo nikirudi kutoka huko nilikokuwa, nikadhani labda nimeoa.

Mganga akafurahi sana. Akasema wazee wameitika, sasa wanaomba fahali.

Baba yangu akaenda zizini kuchagua. Nilimwona akimpapasa mgongo yule mwekundu, ambaye tulimpenda wote, nikaona sitaweza. Kabla ya siku yenyewe nikaondoka kwa miguu mpaka barabarani, nikafika Kalemela, ziwani, kwa shangazi yangu, nikawa navuta nyavu na wanawe. Samaki damu yake ni ndogo. Kutoka Kalemela nikaenda kwingine, na kwingine. Watu wa nyumbani husema Ngasa aliondoka kwenda kutafuta maisha. Mjomba wako Masunga husema hivyo hata kwenye vikao. Nilikuwa namkimbia fahali.

Usidhani nawacheka wazee. Bibi yako bado anawamwagia pombe ya tambiko, na mimi nikiwa nyumbani nasimama naye. Wao hawakuniambia uongo. Ni mimi niliyenyamaza, mtu mwingine akaweka maneno mahali pa ukimya wangu, nami nikayaacha yakue mpaka yakafika ukubwa wa fahali.

Baadaye nilirudi, nikaoa, na sikumwambia mama yako. Hapo ndipo unapoingia wewe.

Mvua ilikuwa ya kweli siku hiyo, si ile ya kwenye simu. Uchungu ulimshika mama yako mapema, tukamlaza kwenye mkokoteni juu ya magunia, bibi yako akakaa naye nyuma, mimi mbele naongoza ng'ombe. Tulikuwa tumebakiza kidogo kufika zahanati, bibi yako akapiga kelele, "Miguu imetangulia! Ngasa, huyu anakuja kwa miguu!" Nikageuka kutazama. Hilo ndilo kosa. Nakumbuka nyayo mbili ndogo, nyeupe kuliko nilivyotarajia, na damu. Halafu nakumbuka ladha ya tope.

Ng'ombe hawakusimama. Njia ile waliijua, maana ghala la pamba liko karibu na zahanati na walikuwa wameipita msimu mzima. Wakaenda zao wenyewe na mama yako na bibi yako na wewe uliyekuwa nusu hapa nusu kule. Walifika. Mimi sikufika. Nilipojikokota mpaka mlangoni, nimepakwa tope kuanzia kwenye nywele, bibi yako akanitazama huku amekubeba kwenye khanga, akasema, "Na wewe umezaliwa leo?"

Nikamwambia nilishuka kusukuma gurudumu.

Mpaka leo mama yako husimulia jinsi nilivyosukuma gurudumu. Husimulia kwa fahari, na mimi huinamisha kichwa, watu wanadhani ni unyenyekevu. Sasa umejua. Ukitaka mwambie, utanipunguzia mzigo.

Kwa sababu ulitanguliza miguu ukaitwa Kashinje, na kwa sababu ya jina hilo watu wakaja, maana kwetu husemwa aliyetanguliza miguu huponya migongo. Unakumbuka? Ulikuwa mdogo hata kusimama vizuri hujui, tayari watu wenye migongo iliyokufa kwa kupalilia wanalala kifudifudi uwanjani ili uwakanyage. Bibi yako anakushika mikono, unatembea juu ya mgongo wa mzee mzima kama unapita kwenye daraja, unacheka, yeye anaguna, "Hapo hapo, ng'wanone, hapo hapo." Nami nililala zamu yangu. Sijui kama ni jina lililoponya, au uzito ulikuwa unatosha mahali panapouma, au mtu mwenye maumivu akikanyagwa na mtoto anayecheka mwili wake unaona aibu kuendelea kuuma. Ninachojua ni kwamba niliamka nimenyooka. Huku, baada ya kuinama siku nzima kwenye majivu ya miwa, nalala kifudifudi kwenye kitanda cha kambi na kuzikumbuka nyayo zile. Wakati mwingine mgongo unalegea kwa kukumbuka tu. Mwili ni kitu cha ajabu.

Nakuambia ni wa ajabu, na sina shule ya kueleza. Kidole changu kidogo cha kushoto unajua hakipo, panga lilikichukua mwaka ule wa kwanza. Lakini kinawasha. Hakipo na kinawasha, na wakati mwingine nahisi kimejikunja kama kimeshika kitu. Nakuna hewa, haisaidii. Komba, huyu Mngoni ninayelala naye chumba kimoja, huniambia, "Msukuma, kikate tena, labda hakikusikia." Na Komba huyo huyo, siku trela la miwa lilipombana mwenzetu mguu, alilinyanyua peke yake, akalishikilia mpaka yule akavutwa. Kesho yake tukamwambia anyanyue tena tuone, hakulitikisa hata kidogo, na mikono ilimuuma kwa muda mrefu. Huyo mtu mwenye nguvu za trela alikuwa wapi siku zote? Alikuwa ndani ya Komba, na Komba hamjui.

Siku ya kidole changu ndiyo siku niliyojifunza ninachotaka kukupa. Nilikitazama kidole, nikapiga mwayo, nikaanguka. Komba alidhani nimekufa, akanibeba. Nilipofungua macho niko zahanati ya hapa, nimelala chini sakafuni, miguu yangu iko juu ya kreti la soda, na mama mmoja nesi, tunamwita Sista Adela, anafunga mkono wangu huku anaimba wimbo wa kanisani.

Akaniuliza, "Umewahi kuanguka hivi?"

Nikafungua mdomo kusema ni jua. Sijui kwa nini sikusema. Labda kwa sababu miguu yangu ilikuwa juu ya kreti, na mtu mwenye miguu juu ya kreti hana heshima ya kulinda. Nikasema, "Sista, nikiona damu naanguka. Tangu ujana."

Akacheka, lakini si kicheko cha kunidharau. Akasema, "Karibu kwenye chama. Mimi nilianguka wiki ya kwanza wodini. Niliangukia trei la vyombo, nikawapa kazi ya kunishona."

Kashinje, soma hapo tena. Nesi. Na bado ni nesi, mvi zimemjaa.

Akanieleza kwa maneno ambayo hata mimi niliyaelewa. Watu wengi wakiogopa moyo unakwenda mbio. Sisi, tukiona damu, moyo unaanza mbio kisha ghafla unafunga breki, na mishipa ya miguuni inalegea. Damu yote inashuka chini kama maji kwenye ndoo, kichwa kinabaki hakina kitu. Hapo mwili unakulaza ili damu ipate njia rahisi ya kurudi. Kwa hiyo si woga. Mtu anaweza kulala porini na fisi na bado akaangushwa na tone la damu. Akasema mara nyingi kitu hiki hutembea kwenye ukoo, akaniuliza kama nina watoto. Nikasema ninao. Nikakuona pale mlangoni unapiga miayo.

Dawa yake haina gharama. Ukisikia dalili, usingoje. Kaza mapaja, kaza makalio, kaza tumbo, kunja ngumi. Kaza kwa nguvu mpaka usikie joto linapanda usoni, maana hiyo ndiyo damu unayoisukuma kwa misuli irudi juu. Kisha punguza kidogo, usilegee kabisa, halafu kaza tena. Ukiona umechelewa, kaa chini au lala mwenyewe kabla hujalazwa. Na waambie walio karibu, mapema. Sista alisema wanaojizoeza hivyo, tena kwa kuanza na damu kidogo kidogo, mwili wao huja kuzoea. Hakuniahidi kwamba kila mtu. Alisema yeye alizoea.

Nimekaa na maneno hayo miaka yote hii bila kuyajaribu. Nilifanya kile ninachokijua, niliikwepa damu. Mtu akijikata mimi ndiye ninayekimbia kuita msaada, wakanisifu kwa mbio. Ulipopiga simu nilitaka kukuambia, "Kaza miguu," nikajiona kama mtu anayeuza mbegu ambayo hajaipanda. Nikasema kwanza nijaribu mimi.

Basi leo asubuhi nimekwenda.

Nyuma ya kambi Mzee Salumu anachinja kila Jumapili. Nilimwomba Komba anisindikize. Njiani akaniuliza, "Nisimame mbele yako au nyuma?" Nikamwambia nyuma. Akasema, "Ukiniangukia wewe mwenye mwili huo, mimi atanishika nani?" Tulipofika Mzee Salumu akafurahi. "Leo Wasukuma wamekuja! Njoo ushike mguu, ng'ombe ni ndugu yako." Nikamwambia, "Mzee, nimekuja kutazama tu." Akasema, "Kutazama ni bure, kula ndiyo hela."

Alikuwa fahali mwekundu. Sikupanga hivyo.

Wakamlaza. Nikapiga mwayo. Komba akapaza sauti nyuma yangu, "Ameanza! Ameanza miayo!" Vijana wakageuka kunitazama badala ya kutazama kisu. Jasho likaja. Nikakaza. Kashinje, nilikaza mapaja mpaka yakatetemeka, nikakunja ngumi mpaka kidole kisichokuwepo kikauma. Kisu kikapita. Mashine ya kusaga ikaanza kuvuma masikioni, nikakaza tena, na nakuapia, ikarudi nyuma. Ilikwenda mbali, kama mtu anaondoka nayo kwenye mkokoteni. Niliona damu yote. Niliona rangi yake, mvuke wake, jinsi mchanga unavyoinywa. Nina mvi kichwani na sikuwa nimewahi kuona mwisho wa jambo hilo. Fahali akatulia, na mimi nimesimama.

Nikafurahi mno. Nikamgeukia Komba nimwambie, "Umeona?" Na katika kusema hivyo miguu nikaisahau.

Niliamka miguu yangu iko begani kwa Komba na Mzee Salumu anawasimulia waliochelewa, "Amesimama mpaka ng'ombe amekufa, kaanguka kwenye sherehe!" Walinikatia kipande cha ini. Nililila lote. Damu iliyopikwa haina neno na mimi.

Kwa hiyo nakueleza kama ilivyokuwa, sikupambii. Kukaza kunafanya kazi. Na mimi nimeanguka. Yote mawili ni kweli, na yametokea leo.

Kesho basi lenu likiondoka mimi nitakuwa njiani kwenda kwenye miwa, na sitapiga simu kuuliza kama umepanda. Ukirudi Nkololo, nyumba ni yako, sitakusema. Ila usimwambie mama yako nafasi imefutwa. Mwambie ni damu. Nilishawahi kuwaachia watu wengine waseme kwa niaba yangu, na ndiyo maana nakuandikia kutoka kambini badala ya kukubebea sanduku mpaka stendi. Ukipanda, siku ya kwanza mtafute mwalimu mwenye uso wa kuweza kucheka, mwambie, "Mimi huwa naanguka, nimekuja hivyo hivyo." Na siku ukianguka, wenzako watakuambia ulianguka sekunde ya ngapi. Siku inayofuata utatafuta sekunde moja zaidi. Mimi nimepata ng'ombe mzima, nami ni mzee.

Utaona tangu pale nilipoandika habari za kisu mwandiko umepinda, na hapa umepinda zaidi. Ni kwa kuiandika tu damu hiyo, masikio yameanza kuvuma. Nimekaza miguu chini ya meza mpaka meza inatikisika, na Komba ananiuliza kama kuna tetemeko. Kazana kusoma hivyo hivyo. Herufi ni mbaya, lakini bado nimekaa kwenye kiti, na naendelea kuandika.

Baba yako,
Ngasa